Simu Iliyovuka Kikoa

Oili Kilpua alikuwa na miaka hamsini na mitano kampuni ya simu ilipomkabidhi kazi ya kupanga jinsi anwani za simu za mtandaoni zitakavyoandikwa. Hiyo ilikuwa Machi 2002, huko Espoo, na hakuna aliyeshangaa kwamba kachaguliwa yeye. Alianza kazi za simu akiwa binti wa miaka kumi na tisa, kule Kajaani, akikaa mbele ya ubao mkubwa kuchomeka na kuchomoa nyaya ili watu wasikizane. Uhandisi aliusomea ukubwani, huku analea mtoto.

Alichokipendekeza kilieleweka upesi. Kila mtu awe na anwani kama ya barua pepe: jina lake, ile alama ya a yenye mkia, kisha kikoa, yaani jina la mtandao anakopatikana. Mashine isome kuanzia mwisho, itafute nyumba kwanza, ndipo imuulizie mwenyewe. Lakini watu huhama kazi, kwa hiyo akaongeza kanuni moja ya huruma: kikoa kikimkosa mtu, kipeleke jina lake peke yake kwa vikoa jirani, pengine yuko huko. Jyrki, kijana mwandishi wa programu aliyekaa naye meza moja, aliisifu sana kanuni hiyo.

Siku ya majaribio walipiga simu kadhaa kwa wenzao wa mji wa Oulu, zote zikapokelewa. Ikabaki kujaribu simu ya kushindwa. Kwa kazi hiyo Oili alikuwa na jina alilolitumia siku zote, Tauno Kilpua, na Jyrki alidhani ni la kubuni tu. Kumbe lilikuwa la kaka yake Oili. Tauno aligombana na baba yao mwaka 1968, akaambiwa asikanyage tena pale nyumbani, akavuka kwenda Uswidi. Tangu hapo hakuna aliyemsikia. Oili aliliandika jina, akaweka kikoa cha Oulu, akavaa visikizio na kusubiri ujumbe wa kwamba mtu huyo hayupo.

Simu ikaita.

Akamtazama Jyrki. Jyrki akakumbuka kwamba asubuhi ile alikuwa ameunganisha kikoa cha karakana moja ya injini za boti huko Göteborg, Uswidi, iliyokuwa imeomba kushiriki majaribio, na hakuwa amemwambia Oili. Kabla hajamaliza kujieleza, mwanamume alipokea kwa Kiswidi, akataja jina lake: Tauno.

Oili akauliza kwa Kifini, "Tauno yupi?"

Sauti ikajibu kwa Kifini, kile cha Kajaani, lakini kilichoshika kutu. "Nani anauliza?"

"Oili."

Jyrki alikuwa ameanza kucheka, akidhani ni utani wa watu wa Oulu. Alipouona uso wa Oili akanyamaza, akasukuma kikombe chake cha kahawa pembeni.

"Nani kakupa anwani yangu?" Tauno aliuliza.

"Hakuna aliyenipa, kaka. Niliandika tu, nikijua hayupo mtu."

"Basi leo umeamua kuniunganisha."

Oili hakuelewa. Tauno akamwambia polepole, kama mtu anayesoma maneno aliyoyakariri. Mwaka 1971 aliomba aunganishwe na duka la kijijini kwao, ili wakamwite mama aje kwenye simu. Aliyeitika katika ubao wa Kajaani alikuwa Oili. Tauno aliijua sauti yake palepale. Oili akasema duka halipokei. Tauno akamwita kwa jina, akasema ni mimi, na laini ikakatwa.

"Nikasema sawa," alimalizia. "Hata mdogo wangu kashika njia ya baba."

Oili alijaribu kuikumbuka simu ile, asiipate. Kwa siku alichomoa nyaya mamia. Duka lisipojibu, mkono ulichomoa wenyewe, na yeye tayari alikuwa akimsikiliza mwingine. "Sikukusikia," alisema. "Nilikuwa nimeshachomoa. Tauno, kweli sikukusikia."

Tauno aliuliza kama mama yupo. Oili akamwambia alifariki mwaka themanini na nne, na kwamba hadi siku zile za mwisho alimuulizia. Upande wa pili kikasikika kiti kikiburutwa.

Kesho yake Oili aliifuta kanuni yake ya huruma, akaandika kwamba simu ikimkosa mtu katika kikoa ilichoandikiwa, ifie hapohapo. Jyrki alibaki mdomo wazi.

"Bi Oili, si ndiyo iliyokurudishia kaka?"

"Ndiyo iliyonionyesha kosa langu," alisema. "Nimeandikia Oulu, kapokea mtu wa Göteborg. Siku moja daktari atampigia mgonjwa wake, majibu ya vipimo ayasikie wajina wake wa mji mwingine."

Juni, kama walivyokubaliana na Tauno, alisafiri kwa meli hadi Stockholm, kisha kwa treni. Pale stesheni ya Göteborg alimpita Tauno mara mbili, kwa sababu macho yake yalikuwa yakimtafuta kijana wa miaka ishirini na mitatu. Mzee mmoja mwenye kofia ya karakana ndiye aliyemshika kiwiko, akamwita kwa jina.