Mwalimu Anayefundisha Amelala

Mwalimu mwenzangu hapa chuo cha uuguzi hufundisha akiwa amelala. Mimi koo linanikauka kwa kufuata mtaala, mada baada ya mada. Yeye huvua viatu, hupanda kitanda cha mazoezi, hufumba macho na kuwa mgonjwa. Wanafunzi wanamgeuza, wanamfuta uso, wanampima presha. Wakimgusa vibaya hagombi, hufungua jicho moja tu. “Mikono ya baridi hiyo, mwanangu. Ipashe moto kwanza.” Basi vicheko hupenya ukutani mpaka darasani kwangu, na wanafunzi wangu wote roho ziko huko. Kijicho? Kijicho cha nini? Kulala hata mimi naweza.

Wiki iliyopita homa iliniangusha, nikalazwa. Akaja kunichoma sindano mwanafunzi wetu mmoja aliye kwenye mafunzo ya wodini. Kabla ya kunigusa, akasugua viganja mpaka vikapata joto. “Nani kakufundisha hivyo?” nikamuuliza, na jibu ninalo. Akainamisha macho kidogo. “Si wewe, mwalimu?” Sindano wala sikuisikia. Kilichonichoma ni ile adabu yake.