Haula na Mbuzi Wasio na Pembe

Haula binti Abdulrahmani alizaliwa na kuolewa kwenye kijiji cha pwani ya Afungi, kaskazini mwa Msumbiji, mahali ambapo mbuzi walijichunga wenyewe. Asubuhi alifungua zizi, jioni akasimama uani na kuwaita, nao wakarudi matumbo yamejaa. Mbuzi wa kufungiwa hakumjua. Kisha ikapatikana gesi chini ya bahari. Wapimaji wakaja, mikutano ikafanyika, na watu wa kijiji chake wakatakiwa kuhama. Haula na mumewe Fauzi wakachukua mbuzi wao, wakaenda kukaa Mute, kando ya barabara kuu, kwa kaka yake Fauzi aliyeitwa Abdulswamad.

Mute ni nchi ya wakulima. Mbuzi wako akiingia kwenye muhogo wa mtu, hata salamu hukatika. Kwa hiyo Fauzi, kabla ya kupata kontratu, yaani mkataba wa kazi, ya ulinzi kwenye mradi wa gesi kulekule Afungi, alizungusha zizi la waya nyuma ya nyumba. Mbuzi wakakaa humo wamebanana, na pembe zikaanza kuleta balaa ambalo porini halikuonekana. Wakigombea majani, mmoja anamtoboa mwenziwe ubavu. Siku moja Haula aliinama kumwaga pumba, ncha ya pembe ikampita chini ya jicho na kumwachia mchirizi wa damu.

Lakini kilichomvunja moyo ni kifo cha Kanga, jike la madoadoa, mkuu wa zizi lote, mwenye mimba kubwa. Haula alirudi kutoka kisimani akamkuta amelala kwenye waya. Alikuwa amepitisha kichwa kwenye tundu kufuata majani ya nje, pembe zikakwama, akajivuta mpaka akajinyonga. Haula alikata waya kwa koleo, lakini roho ilikwisha toka.

"Nitawauza wote," alimwambia Fauzi kwenye simu.

"Ni mali yako," Fauzi alijibu. "Ila ngoja hasira ipoe."

Hasira haijapoa bado, akafika Jerónimo, bwana mifugo wa wilaya, kuchanja mifugo ya Mute. Haula alimsimulia habari ya Kanga. Jerónimo alisikiliza hadi mwisho, halafu akaomba aonyeshwe watoto wa mbuzi. Alimpakata kabeberu kalikozaliwa wiki ileile, akakashika utosini, kisha akauchukua mkono wa Haula na kuuweka palepale.

"Unasikia nini, mama?"

"Vinundu viwili. Kama choroko chini ya ngozi."

"Ndiyo pembe hizo. Sasa hivi zimekaa kwenye ngozi tu, hazijashika mfupa. Ukizizima leo, hazioti tena. Ukichelewa, pembe inashikana na fuvu, na hapo ukiikata unafungua tundu kichwani mwa mnyama."

"Na unazizima kwa kitu gani?"

"Kwa moto."

Haula alimtazama yule mbuzi mdogo, kichwa chake hakizidi ngumi. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Jerónimo alirudi kesho yake na chuma chenye kichwa cha mviringo, kilichochimbwa kishimo katikati. Alinyoa nywele kuzunguka vinundu, akadunga sindano ya ganzi, wakasubiri mpaka mbuzi akaacha kushtuka akiguswa pale. Chuma kilipowiva kwenye makaa, alikijaribu kwanza kwenye ubao. Kiliacha duara jeusi papo hapo. Akasema chuma kisichowiva ndicho kinachoua, kwa sababu kinakulazimisha kukandamiza muda mrefu, na joto linapita fuvu laini mpaka kwenye ubongo. Aliweka chuma, akakizungusha, akahesabu kwa Kireno hadi tatu, akainua. Kuzunguka kinundu palibaki duara la rangi ya shaba, dalili kwamba pembe imezimika. Akapoza kwa kitambaa cha maji kabla ya kugusa upande wa pili. Mwisho akachoma sindano ya pepopunda. Kabeberu kakawekwa chini, kakatikisa masikio, kakaenda kunyonya.

Haula aliona kile kinyonyaji kinavyopiga mkia chini ya mama yake, na moyo wake ukatulia kabisa.

Wa pili alimfanya yeye mwenyewe. Kuhesabu Kireno hakukuweza akiwa na wasiwasi, basi akaweka chuma na kusoma Bismillahi r-Rahmani r-Rahim mara moja, polepole, akainua. Jerónimo akainama kutazama duara.

"Shaba tupu," alisema. "Hiyo hesabu yako ni nzuri kuliko yangu."

Tangu hapo Jerónimo alimletea dawa ya ganzi kutoka mjini Palma kila alipopita, na kumsimamia, mpaka akaridhika kwamba mkono wake haukosei. Chuma chake alitengenezewa na Assane, mhunzi wa Kimakonde. Kila mbuzi wa Haula alipozaa, alisubiri siku chache, akipapasa vichwa asubuhi na jioni. Madume hakuyaacha yazidi wiki, kwa kuwa pembe zao hukimbia kuota. Jike dogo alilipatia siku kidogo zaidi.

Maneno hayakukosekana. Aliyesema zaidi ni shemeji yake Abdulswamad.

"Shemeji, unawapika ubongo hao. Na Idi ikifika, nani atachinja mbuzi uliyemharibu?"

Hilo la Idi lilimuuma. Alijifunga kanga akaenda kwa mwalimu Muhamudo wa madrasa kuuliza. Mwalimu alifungua kitabu chake, akasoma, akafunga.

"Kinachokatazwa ni chongo, mgonjwa, kiguru na aliyekonda mpaka mifupa," alisema. "Asiye na pembe anafaa, maana nyama yake haikupungua. Mimi mwenyewe nitachukua mmoja kwako."

Msimu ukageuka. Vitoto vile vikakua, vichwa laini kama mtu aliyetoka kunyolewa. Vilipitisha vichwa kwenye waya, vikala majani ya nje, vikavitoa bila shida. Hakuna aliyetobolewa ubavu. Majike yalizaa mapacha, maziwa yakapatikana ya kunywa nyumbani na ya kugawa kwa jirani.

Ndipo Abdulswamad akaja akiburuta beberu lake kwa kamba. Lilikuwa la miezi kadhaa, pembe zimeshasimama.

"Nimekubali, shemeji. Nichomee huyu."

Haula alizishika pembe zile. Zilikuwa ngumu, zimeshika mfupa.

"Huyu simchomi."

"Unanilipiza yale maneno yangu?"

"Sikulipizi. Huyu amechelewa. Nikimgusa nitamuua, na ukinilazimisha utanikuta nimefunga mlango. Mtenge peke yake. Mwakani niletee watoto wake wakiwa bado wana kitovu."

Abdulswamad aliondoka amenuna, beberu nyuma yake. Mke wake Cadija alimwambia Haula baadaye kwamba usiku uleule mumewe alilitenga beberu lake peke yake.

Mvua zilizofuata, Jumamosi moja asubuhi, Haula alikuwa anakoleza makaa. Akasikia watu wanabisha hodi. Mbele alikuwa Abdulswamad, amekumbatia vitoto viwili vyenye vitovu vibichi, na nyuma yake wanawake wa Mute na wengine waliotoka upande wa Tungue, kila mmoja na kitoto chake cha mbuzi ndani ya kikapu au kanga.

"Tumewahi au tumechelewa?" Abdulswamad aliuliza.

Haula alipapasa kichwa cha wa kwanza kwa kidole gumba. Choroko mbili, laini, zinateleza chini ya ngozi.

"Mmewahi, shemeji," alisema. "Kaeni kivulini. Cadija, niletee maji na kitambaa safi."

Kisha akatoa bomba la sindano ya ganzi, akakaa kwenye kigoda chake, na mstari ukajipanga kutoka mlangoni pake hadi barabarani, mbuzi wadogo wakilia, wanawake wakicheka, na shemeji yake akiwa wa kwanza.