Mbio Zetu za Kushuka Mto Kagera

Daktari aliponiambia presha imepanda na dawa ya kwanza ni mazoezi, nilimuuliza kama kusimama siku nzima mbele ya watoto wa darasa la tatu nikipaza sauti si mazoezi. Akasema si mazoezi. "Kimbia, mwalimu. Taratibu tu, asubuhi."

Nilikuwa sijakimbia tangu niolewe, isipokuwa siku ile ng'ombe wa watu alipokata kamba. Kwa hiyo nikatafuta mwenzangu. Jirani yangu pale Bugene ni mama mnene, mcheshi, anauza vitenge Kayanga, na jambo lolote la ovyo likianza mtaani hataki kuachwa nyuma. Alikubali kabla sijamaliza kueleza. Kesho yake alfajiri alitokea mlangoni kwangu amevaa suruali ya kijani ya kubana, fulana ya kwaya, na kitenge kiunoni.

"Kitenge cha nini sasa?"

"Cha kupitia barabarani," akasema. "Tukiingia mashambani nakivua."

Njia yetu ya kwanza ilikuwa ya kwenda kijiji cha Ndama, na kwa uzuri sina cha kuilaumu. Udongo mwekundu, laini kwa umande. Migomba ya huku na ya kule imeinamiana juu ya njia mpaka unakimbia kwenye kivuli kitupu. Buni zimeanikwa uani, ukungu bado umelala bondeni, na kila nyumba inatoa moshi wa chai. Tatizo lilikuwa salamu. Watu wa huku hawamwachi mtu apite kimya. Utaulizwa umelalaje, watoto wamelalaje, mume, mbuzi, na wale wa kwenu Muleba wameamkaje. Ukijibu huku unakimbia, anayekusalimia naye anaanza kukimbia pembeni yako ili amalize. Mzee mmoja alitusindikiza hivyo mlima mzima, jembe begani, akiuliza habari za watu wa ukoo wangu mmoja baada ya mwingine. Tulipofika juu sisi tulikuwa hoi. Yeye alisema, "Haya, siku njema," akageuka akaenda kulima.

Tatizo la pili lilikuwa rubisi. Njia ile inaishia kwenye mji wa mzee anayetengeneza pombe ya ndizi, na asubuhi nyingi utakuta wanaume wamepanda ndani ya mtumbwi wa mbao wa kukamulia, suruali zimekunjwa magotini, wanakanyaga ndizi mbivu na majani makavu mpaka juisi itoke. Juisi hiyo ikiwa bado haijachacha ni tamu, haina ubaya wowote hata kwa Mlutheri. Lakini pembeni yake palikuwa na ile iliyokwisha kuchacha, na mzee hakuwa mchoyo.

"Mtapitaje kwangu mnahema namna hiyo niwaache?" alikuwa akisema. "Watu wataniona mtu wa namna gani?"

Jirani yangu aliona kukataa ni kumvunjia mzee heshima, na kwa upande wa heshima yeye hana mchezo. Mume wangu alivumilia wiki chache. Halafu asubuhi moja akatukuta tunaingia getini tumeshikana mikono.

"Wenzenu wakienda kukimbia wanarudi wamekonda," alisema. "Nyinyi mnarudi mnaimba."

Hapo ndipo jirani alipopata wazo la Kyerwa. Dada yake ameolewa huko, kwenye kijiji kilicho juu kabisa ya korongo la Mto Kagera. Njia ya kwenda mtoni inashuka moja kwa moja, alisema, unapigwa na upepo wa bonde, mandhari yake hujapata kuona, na hakuna mji hata mmoja wa kusimama kunywa. Mimi nilisikia neno "inashuka," nikafunga begi. Kwamba kinachoshuka lazima kipande, hakuna aliyelitaja.

Tulifika Ijumaa jioni. Dada mtu alitupokea kwa furaha, lakini mama mkwe wake, bibi mdogo wa umbo mwenye macho makali, aliiona suruali ya kijani imetundikwa kambani.

"Hii ya nani?"

"Yangu, mama," akasema jirani.

"Ya ndani?"

"Hapana, mama. Ya nje."

Bibi akaiangalia tena, akaiangalia na mwenyewe, kisha akaliambia paa la nyumba maneno kadhaa ya Kinyambo. Jirani, ambaye lugha hiyo haijui, akanitazama nimtafsirie. Mimi ni Mhaya, lugha zetu ni ndugu, nilielewa kila neno, nikasema bibi anatutakia usiku mwema.

Asubuhi tukaanza kushuka. Kwa kweli ilikuwa kama alivyosema. Ardhi inakatika ghafla mbele yako, chini kabisa unaona mto wa rangi ya chai ya maziwa ukijipinda kati ya mafunjo, na ng'ambo vilima vya Rwanda vimepangana mpaka macho yachoke. Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Jirani alikuwa mbele, kitenge kimefungwa shingoni kinapepea mgongoni, anapiga vigelegele kwa raha. Nilimwambia anyamaze, atawashtua watu. Hakunisikia.

Tulipita mama mmoja anayechambua maharage. Tulipita vijana wanaokata nyasi. Safari hii hatukusimama kusalimia. Kwa mteremko ule hata breki hatukuwa nazo. Baada ya muda kidogo nikasikia vishindo nyuma yetu. Nikageuka. Watu kama kumi walikuwa wanashuka mbio, wengine wana mapanga, wengine wana kamba.

"Jirani!" nikapiga kelele. "Kuna kitu!"

"Kitu gani?"

"Sijui! Watu wanakikimbia!"

Mimi akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwa kiboko, maana tuliambiwa wapo. Hatukufikiri kwamba kiboko anakaa mtoni na sisi ndiko tulikokuwa tunaelekea. Tukaongeza mwendo. Nao, walipoona tumeongeza, wakaongeza. Nikageuka tena, wamekuwa wengi zaidi, na mmoja anapuliza filimbi. Nilikimbia siku ile kuliko nitakavyokimbia tena duniani. Njia ilipoishia majini hatukuwa na pa kwenda, tukasimama tumekumbatiana, tukangoja kuliwa.

Aliyefika wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mwenye filimbi, jasho linamtiririka.

"Nani amezama?" akauliza.

"Wapi?" nikasema.

"Hapa!"

"Lini?"

"Si nyinyi ndio mnaojua? Mmepita mnapiga mayowe!"

"Sisi tulikuwa tunakimbia kwa sababu nyinyi mnakimbia."

"Sisi tulikuwa tunawafuata nyinyi!"

Akavuta pumzi. Watu walizidi kuwasili: mama wa maharage na ungo wake, wale vijana, na wanaume wanne wamebeba machela ya fito na kamba, ya kupandishia mtu hospitali.

"Turudi nyuma kidogo," akasema mwenyekiti, kwa sauti ya mtu anayeendesha kikao. "Kabla hatujatokea sisi, mlikuwa mnakimbia nini?"

"Tulikuwa tunakimbia tu, mwenyekiti. Mazoezi."

"Tu?"

"Tu."

Akawageukia watu akawaeleza kwa Kinyambo. Wakamtaka arudie. Akarudia. Mama wa maharage akauliza kama tuna waume, na kama waume wanajua. Ng'ambo ya mto, watu waliokuwa wanachota maji walisimama, mmoja akaweka mikono mdomoni akauliza kwa mbali nani amezama. Mwenyekiti naye akamjibu kwa nguvu zake zote, "Hakuna! Wanakimbia tu!" Kimya kilichofuata upande ule kilinitia aibu mbele ya nchi mbili.

Tuliomba radhi. Tuliwasalimia wote, mmoja mmoja, shikamoo kwa wakubwa na habari za nyumbani kwa waliosalia, mpaka mwenyekiti akaridhika. Ndipo jirani yangu alipojaribu kuinuka kwenye jiwe alilokaa, magoti yakakataa. Alijaribu tena. Akatazama juu, kule tulikotoka, ukuta mtupu wa mlima, akasema, "Mwalimu, mimi nitahamia hapa."

Wabeba machela wakatazamana. "Tumeishusha mpaka huku," akasema mmoja. "Basi ibebe mtu."

Ikawa hivyo. Walimlaza, wakamnyanyua wakiguna, na msafara ukaanza kupanda, mimi nyuma nikijikokota kwa fimbo ya kuazima. Jua lilikuwa limeshapanda. Lilipomchoma usoni, jirani akajifunika kitenge gubigubi, zikabaki nje zile ncha mbili za suruali ya kijani. Nadhani alisinzia.

Habari za mtu kuzama zilikuwa zimetutangulia nyumbani. Tulipokaribia, nikaona bibi amesimama uani, kiganja juu ya macho. Aliona machela. Aliona kitenge. Halafu aliona kijani. Akashika kichwa na kuanza kulia kwa sauti iliyowatoa watu migombani.

Alilia vizuri, lazima niseme, tena kwa Kiswahili. Alilia kwamba nyumba yake imepata mgeni malaika, akakaa usiku mmoja tu. Alilia kwamba alikuwa mpole, asiyesema sana. Dada mtu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaona, naye akaangusha kilio. Mimi nilijitahidi kupaza sauti niseme yu mzima, lakini pumzi yote ilibaki mlimani. "Na mavazi yake!" bibi alilia. "Mavazi yake ya heshima!"

Kitenge kilianza kutikisika. Wabeba machela waliona, wakasimama. Jirani akaketi polepole, nywele zimesimama, akasema, "Shikamoo, mama."

Wawili kati ya wale wanne wakaachia. Alianguka upande mmoja, kwenye majani ya migomba, hakuumia. Dada alimrukia akamkumbatia na kumpiga mwiko kwa wakati mmoja. Bibi alibaki ameduwaa, machozi yamesimama mashavuni.

"Ulikuwa unasikia?" akauliza.

"Tangu pale kwenye malaika, mama."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nisikie mpaka mwisho. Hakuna mtu amewahi kunisifia hivyo."

Bibi akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Basi nayarudisha yote," akasema, "na ya mavazi ndiyo naanza nayo."

Lakini majirani walikuwa wameshakuja na mikungu ya matoke, kuni, na dumu la rubisi, kama inavyotakiwa kwenye msiba, na hakuna aliyekuwa tayari kubeba mzigo kurudi nao. Vikapikwa. Mwenyekiti alitoa hotuba fupi kuhusu umuhimu wa kutoa taarifa kabla ya kukimbia. Bibi alikula pembeni yetu bila kutusemesha, ila niliona anamwekea jirani kipande kikubwa cha nyama, akikisukuma kwa kidole kana kwamba kimejiendea chenyewe.

Jumapili tulipoondoka, miguu yetu ilikuwa haikunjiki. Dereva wa gari la Kayanga na dada walituinua na kutusukumia ndani ya gari kama mbao. Njiani dereva alituangalia kwenye kioo, jinsi tulivyokaa wima, macho mekundu, hatusemi.

"Poleni, mama zangu," akasema. "Mnatoka msibani?"

"Ndiyo," akasema jirani.

"Nani amefariki?"

"Mimi," akasema, akaegemea dirisha akalala. Dereva hakuuliza kingine mpaka Kayanga.