Odeta na Kitabu cha Jirani

Nyumba za mtaa wa Igogo zimepandiana juu ya mawe, na katika mojawapo aliishi Odeta, fundi cherehani. Watu walimjua kwa magauni ya Pasaka aliyoyashona na kwa uroho wake wa vitabu. Soko huria lilipofungua milango, marobota ya mitumba yalikuja na vitabu vikuukuu, vikamwagwa juu ya turubai pale sokoni Mkuyuni kama mihogo. Wengine walivinunua wafungie karanga. Odeta alivinunua asome.

Alisoma chochote: watawa wa jangwani, vita vya Warumi, ufugaji wa nyuki, ngano za Kisukuma zilizokusanywa na padre fulani wa zamani. Alikuwa Mkristo wa dhati, mwalimu wa watoto wa Jumapili, wala hakuona kwamba vitabu hivyo vinamtoa kwa Mungu. Siku aliyosoma kuwa Wayunani wa kale waliwamwagia wafu wao divai, alimkumbuka bibi yake kule Magu akiwamwagia wahenga unga uliokorogwa na maji mlangoni. Kanisani aliambiwa hiyo ni kazi ya shetani.

"Lakini Paulo alipofika Athene hakuanza kwa kuvunja madhabahu," alimwambia mumewe, Jonathan, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda cha kukata minofu ya sangara. "Alizunguka kwanza, akasoma walichoandika."

"Paulo hakuwa na hawa wenye vipaza sauti," Jonathan akajibu.

Alisema kweli. Ilikuwa miaka ya mihadhara. Huku Wakristo, kule Waislamu, kila upande ukitangaza viwanjani makosa ya kitabu cha mwenzake. Watu waliokula pilau pamoja tangu utoto walianza kuchunguliana.

Jirani wa Odeta, ukuta kwa ukuta, alikuwa Maulida, Mama Mwaija, muuza vitumbua. Odeta alimwomba amsaidie kupata Kurani ya Kiswahili, maana alitaka kujua inasema nini juu ya Mariamu. Aliyeileta ni Bashiru, kaka yake Maulida, mwalimu wa madrasa. Ilikuwa imefungwa kwa kitambaa cheupe.

"Uishike ukiwa safi, dada," alisema, akaondoka.

Odeta aliisoma alfajiri, uani, kwa mwanga wa kibatari, kabla ya kuwasha mkaa, nyumba nzima ikiwa imelala. Alimkuta Mariamu peke yake na uchungu wa uzazi chini ya mtende, akitamani heri angekufa. Odeta, aliyezaa mara nne, Shimba akiwa wa kwanza, alishusha kitabu mapajani. Sisi Wakristo, aliwaza, tumeukimbia uchungu huu tuwahi malaika na wachungaji wa kondoo. Kulikuwa na mahali alipokataa kabisa, akabishana na kitabu moyoni, midomo ikimchezacheza. Hata hivyo alirudi kukisoma, na mara nyingine alijikuta anatabasamu.

Kisha akaitwa ofisini kwa Mchungaji. Mzee Chenge wa baraza la kanisa alikuwa amekwishaketi, mikono juu ya mkongojo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama Shimba, tumesikia unasoma kitabu cha watu wale."

"Nakisoma, mzee. Imani yangu haijahama."

"Tumesikia unakisoma huku unatabasamu," Mzee Chenge akaongeza, kana kwamba hilo ndilo kosa lenyewe.

Mchungaji alimwambia apumzike kwanza kufundisha watoto. Odeta akarudi nyumbani kwa njia ya ufukweni, kwenye harufu ya dagaa waliokuwa wakianikwa, akijiuliza swali moja: nani kasema?

Jibu halikumchukua muda. Nani alijua, kama si Maulida? Labda alikuwa akijigamba kwao kwamba mwalimu wa kanisa yuko njiani kusilimu. Labda kile kitabu kilikuwa ndoano tangu mwanzo. Shuku ikishaingia hula kila inachopewa. Maulida akicheka na mteja, Odeta alisikia anachekwa yeye. Maulida akinyamaza, alimwona ana la kuficha. Siku ya Idd Maulida alimtuma binti yake Mwaija na sahani ya biriani, Odeta akaipokea kwa shukrani, kisha akampa mbwa wa jirani wa chini. Salamu zikafupika. Maulida naye akaacha kugonga ukuta asubuhi kumwomba kiberiti.

Majuma yalipita hivyo. Siku moja Odeta alikuwa akipinda gauni, mguu kwenye pedeli, lile neno likamrudia: *huku unatabasamu*. Mguu ukasimama. Maulida hajawahi kumwona akisoma. Ukuta wa uani ulikuwa mrefu, na ile ilikuwa alfajiri. Aliyeweza kuuona uso wake ni mtu aliyekuwa ndani, dirishani.

Jonathan aliporudi kutoka lindoni alimkuta ameketi mlangoni.

"Baba Shimba, ni wewe uliyekwenda kwa Mzee Chenge?"

Jonathan alivua kofia, akaitazama kwa ndani kama anayetafuta kitu humo.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Niliona kitabu kimeletwa na mwanamume. Halafu nikakuona unakichekea gizani." Akaigeuza ile kofia. "Mimi hujawahi kunichekea hivyo. Nikasema huyu ananitoka, na sijui anatokea mlango gani."

Odeta aliinuka, akaingia ndani. Alikichukua kile kitabu, akakifunga kwa kitambaa chake, akaenda kubisha kwa jirani.

"Mama Mwaija, nimekudhania ubaya. Nilidhani ni wewe uliyenisema kanisani."

Maulida aliendelea kukoroga unga wa vitumbua.

"Na mimi nilikudhania," alisema hatimaye. "Kwetu waliniambia umeazima kitabu ukawape watu wa mihadhara, wakitoboe matundu. Uliponinyamazia nikasema, basi ni kweli." Akavuta kigoda kwa mguu. "Sijui kama kesho nitakuamini. Leo kaa."

Odeta akakaa. Akakiweka kitabu mahali pasafi, mbali na unga.

Darasa la watoto alirudishiwa kabla ya Krismasi. Baraza halikueleza sababu, naye hakuuliza. Aliendelea kununua vitabu Mkuyuni na kuvisoma Biblia ikiwa pembeni, ila sasa alikaa kusudi mbele ya dirisha, anayetaka kumwona amwone.

Alfajiri moja Jonathan alitoka, akaketi kwenye benchi kando yake.

"Nisomee na mimi," alisema.

Odeta alimtazama. Alitaka kusikiliza kweli, au alitaka kujua cha kwenda kusema? Usoni pake hapakuwa na jibu. Akakiweka chini alichokuwa akisoma, akafungua kile cha ufugaji wa nyuki, akaanza kumsomea.