Sista Aleyamma na Kaburi la Abu Dhabi

Nilimkuta Sista Aleyamma akiwa mkuu wa wodi ya wazazi katika kliniki moja ya binafsi hapa Abu Dhabi, nami nesi mgeni niliyetoka Kerala, kusini mwa India, kama yeye. Siku ya kwanza alinitazama mikono, akasema, "Kata kucha hizo, Jisha. Hapa tunapokea watoto, hatuchimbi mihogo." Tangu siku hiyo nikamwita dada, na baadaye nikapanga chumba kwake.

Alifika mjini humu akiwa na miaka ishirini na minne. Hapa alimzaa mwanawe Renji, ambaye sasa yuko Kanada, na hapa alimzika mumewe Thankachan, mchora ramani za majumba, aliyeanguka kazini na asiinuke tena. Ndugu walitaka maiti irudishwe nyumbani. Dada alikataa. "Nimpeleke akakae na nani?" aliwauliza kwenye simu. "Mimi niko huku." Mama mkwe hakumsamehe hadi kufa kwake. Kila wiki dada alikodi teksi mpaka makaburini, nje ya mji, akafuta mchanga juu ya jiwe, akakaa kidogo, akarudi.

Alipotimiza miaka sitini kliniki iliuzwa. Wenye mali wapya walimwita ofisini, wakampa cheti cha shukrani na barua. Mkataba hautaongezwa. Na kwetu sisi wageni, kazi ikiisha, kibali cha kukaa nacho kinakwisha. Unapewa muda wa kufungasha, basi. Kuna kibali cha wastaafu, lakini hicho ni cha wenye akiba, na ya dada ilikwishaingia kwenye masomo ya Renji na nyumba ya ghorofa kule kwao Ranni isiyolaliwa na mtu.

Akaenda kuuliza kama mifupa ya mumewe inaweza kufukuliwa asafiri nayo. Padri wa kanisa letu alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama," alisema, "ruhusa yake itachukua muda mrefu kuliko huo ulionao."

Ndipo akaja Umm Hamdan, mwenyeji ambaye dada alimzalisha watoto wake wote wanne. Alikaa kwenye kochi letu lililochakaa, akashika kikombe cha chai asinywe.

"Mama yangu hajiwezi tena," alisema. "Anahitaji mtu. Naweza kukudhamini, Sista. Ila kwenye karatasi utaandikwa mfanyakazi wa ndani. Naona aibu hata kukwambia."

"Chumba kina dirisha?" dada aliuliza.

"Kina."

"Basi niandike."

Renji alipiga simu akifoka. Ilikuwa kwenye spika, nikasikia yote.

"Mama, umesimamia wodi miaka kumi na saba, leo ukawe hausigeli? Watu kanisani niwaambie nini?"

"Waambie nilikuwa naosha watoto ishirini, sasa naosha bibi mmoja. Nimepandishwa cheo."

"Njoo ukae na sisi huku."

"Kwenye baridi hiyo? Na baba yako nimwachie nani?"

Renji akasema polepole, "Mama, baba alishakufa."

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyemvisha soksi."

Akahamia chumba cha uani kwa Umm Hamdan. Alimwogesha yule bibi, akamsuka nywele, wakagombana juu ya chumvi. Naye dada alitunzwa vizuri. Lakini siku moja tulikutana dukani, yeye amebeba mifuko nyuma ya wageni wa nyumba ile, na nesi mmoja tuliyewahi kufanya naye kazi akapita akijifanya hamjui. Mimi nilitaka kumwita. "Mwache," dada alisema. "Ameogopa. Akinitazama mimi anajiona yeye."

Ilipita miaka miwili kasoro miezi mitano. Bibi alifariki asubuhi, dada amemshika mkono. Umm Hamdan angependa kumweka dada hivyo hivyo, lakini mumewe alikuwa amehamishiwa kazi nchi nyingine na nyumba ilikuwa inafungwa. Walilia wote wawili jikoni. Hakukuwa na wa kulaumiwa, na nadhani hilo ndilo lililomchosha dada zaidi.

Siku ya kuondoka nilimpeleka makaburini. Alizungumza na mumewe kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeaga kwenda sokoni: ndege ni saa tisa, paa la Ranni linavuja, Renji amepata mtoto wa kike. Kisha akashindwa kuinuka. Nilimshika kwapani, nikamwinua taratibu kama tulivyokuwa tukiwainua wanawake waliotoka kujifungua.

Huko Ranni anaishi chini tu, ghorofani hapandi. Majirani wanamwita mama wa Ghuba, na kila mmoja anataka amtafutie mwanawe kazi huku. Kwa miezi mingi nilimtumia picha ya kaburi kila nilipokwenda. Juzi akanipigia.

"Jisha, usinitumie tena zile picha."

"Nimekosea nini, dada?"

"Hujakosea. Mkataba wako unaisha lini?"

"Machi."

"Wataongeza?"

"Hawajasema."

"Basi niache nianze kuzoea mapema."

Aliniuliza kama nakula vizuri, akaniambia mvua imeanza, akakata simu. Makaburini bado nakwenda. Nafuta mchanga, nakaa kidogo, na simu naiacha mkobani.