Kuku wa Wageni wa Mbaha

Babu yangu haupendi mpira, ila hakosi mechi hata moja. Anakuja na kigoda chake, anakiweka karibu na kona, halafu anaanza.

"Huyu jezi yake ina jina la Mzungu. Mzungu mwenyewe sasa anavaa nini?"

Jezi zetu ni za mitumba. Siku hizi biashara imefunguliwa, marobota yanafika mpaka huku kwetu Mapera, na beki wetu wa kulia anavaa fulana ya mpira wa kikapu. Refa naye hasalimiki: "Mtu mzima anakimbia mchana kutwa na mpira hagusi. Nani kamkataza?"

Ujanani babu alikuwa kapteni wa mganda, ngoma ya wanaume wanaovaa kaptula nyeupe za pasi, wakijipanga mistari kama askari na kupuliza vibuyu, kijiji kimoja kikishindana na kingine. Huo ndio mchezo, anasema. Huu wetu ni kufukuza mbuzi aliyekata kamba. Jioni kwenye sengu, pale wanaume wote wa ukoo tunapokusanyika kwake kula pamoja na kusemana, lazima amalizie hivi: "Sisi mgeni tulimlisha kwanza. Kumcheka baadaye."

Maneno hayo nimeyaigiza darasani mara nyingi, pamoja na kikohozi chake. Mwalimu hucheka kwanza, kunichapa baadaye.

Muhula uliopita vijana wa Mbaha walipanda kutoka ziwani kuja kucheza na sisi. Mlezi wa timu yao ni mzee aliyekuwa kapteni wa mganda wa huko, mshindani wa babu tangu ujana wao. Babu alimtumia salamu kupitia dereva wa lori la usipa, dagaa wa ziwani: vijana wako watakula kwangu. Bibi akachinja majogoo. Siku hiyo babu hata uwanjani hakuja, alibaki kusimamia kuku.

"Wewe mwenye mdomo," aliniambia, "mechi ikiisha walete wote hapa."

Tuliwafunga nne kwa moja. Uwanja wetu una mteremko, na kipindi cha pili tulishambulia kuelekea bondeni, kwa hiyo sifa nyingine ni za mlima. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu wakanizunguka wakisubiri nichekeshe. Kapteni wao akanifuata, jasho linamtiririka.

"Ndugu, tumeambiwa kuna mzee atatupokea. Ni wapi kwake?"

Nikakohoa kama babu. "Mzee amesema kuku ni wa waliofunga mabao. Nyie mna bao moja, mtapewa mfupa mmoja, mkagawane."

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Nilikuwa namsubiri naye acheke, nimwambie natania, twendeni. Hakucheka. Alisema, "Haya, asanteni." Lori lililowaleta likapiga honi, wakapanda. Ningeweza kukimbia kulizuia. Lakini watu walikuwa bado wananipigapiga mgongoni, na kusema kweli nilikuwa nafurahia.

Nyumbani nilimkuta babu amekaa na birika la maji ya kunawa, sufuria zimefunikwa. Kwake hakuna anayetia mkono kabla ya mgeni.

"Wako wapi?"

"Lori limewaharakisha, babu."

"Hata kunawa?"

"Hata kunawa."

Tulikula wale kuku wamepoa. Firigisi, ambayo ni yake siku zote, hakuigusa. "Nimemwahidi mtu," aliwaambia baba zangu, "halafu tumekula wenyewe." Tangu hapo akaacha kuja uwanjani. Kwenye sengu alikula kimya, na sisi tukala kimya, na mimi darasani kikohozi kikagoma kutoka.

Mechi ya marudiano ilikuwa Mbaha. Kabla hata hatujavaa viatu, yule mzee mlezi alitukalisha mikekani nje kwake, tukaletewa ugali na mbasa, samaki wakubwa wa ziwani. Akauliza mjukuu wa kapteni wa mganda wa Mapera ni yupi. Nikasogea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Kamwambie babu yako vijana wangu walirudi wameshiba. Kuku wake wamesifiwa hapa mpaka nikaona wivu."

Nilimtazama kapteni wao. Alikuwa anachambua miiba ya samaki, macho chini.

"Hata firigisi tulipewa," akasema.

Tulifungwa tatu. Kwenye lori la kurudi sikutoa hata utani mmoja. Nikinyamaza, babu atabaki akidhani ameaibika kwa mwenzake. Nikifikisha salamu, yeye si mjinga, atajua nilimdanganya.

Kwenye sengu nilifikisha salamu, hadi neno la firigisi. Babu alisimamisha tonge hewani.

"Na firigisi?"

"Na firigisi."

Akalirudisha tonge. "Mtu aliyeharakishwa na lori hana cha kuficha. Anasema tu, lori lilituharakisha. Wewe uliwaambia nini?"

Nikamwambia, bila kikohozi. Baba mdogo alibanwa na kicheko, akainamia sahani. Babu akainuka, akachukua birika lile lile la wageni. Kwetu mzee hammiminii mtoto maji. Mtoto ndiye anayemmiminia. Akasimama mbele yangu.

"Nawa."

"Babu, nilishanawa."

"Nawa."

Nikanyoosha mikono. Maji yakaanza kushuka.

"Mmefungwa ngapi?"

"Tatu."

"Walitangulia kuwalisha?"

"Walitangulia, babu."

"Basi hao wana haki ya kucheka."

Hakuna aliyecheka. Aliendelea kumimina, beseni likajaa, maji yakamwagikia miguu yangu, mpaka baba mdogo akainuka na kumshika mkono taratibu.