Nilivyotumwa Nakuru Kumuaga Dada Yangu

Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa tu, dada yangu Jerida alinipigia simu kutoka Nakuru. Alikuwa ameugua saratani ya matiti kwa mwaka na zaidi, na sisi tulio nyumbani Vihiga tulikuwa tumezoea simu zake fupi. Siku hiyo hakusema mengi. "Daktari amesema wamemalizana na mimi," aliniambia. "Wewe njoo tutembee, tuone zile mahali hatujawahi kuona." Kabla sijauliza lolote, mtandao ukapotea.

Nilimpelekea kaka yetu mkubwa, Zablon, maneno hayo kama yalivyo. Zablon akaita watu. Tukakaa sebuleni kwake, tukaomba, tukakubaliana kwamba madaktari wamekata tamaa na kwamba Jerida anatuita kutuaga. Mimi ndiye niliyechaguliwa kwenda, kwa sababu ni mwalimu na nilikuwa likizoni, na kwa sababu tumefuatana kuzaliwa. Nilipewa pia swali moja la kumuuliza kwa upole. Jerida hakuolewa, na kwetu mwanamke ambaye hakuolewa akifa, watu hujadiliana sana kuhusu mahali pa kumlaza. Zablon alitaka dada aseme mwenyewe, ili kusiwe na maneno baadaye.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Mbale, mji wetu wa Vihiga, nikiwa na mkungu mdogo wa ndizi na karanga ambazo Mama alizikaanga usiku kucha kwa sababu hakupata usingizi. Nilivaa viatu vyangu vya shule, vile vyeusi vya ngozi. Sikuwa naenda kucheza.

Basi lilipita Kisumu na Ahero, likapanda Kericho kwenye majani chai, na kufika njia panda ya Londiani baridi ikawa imeingia hadi kwenye magoti. Sachangwan dereva alipunguza mwendo na abiria wakanyamaza kidogo, kama watu wanavyofanya wakipita pale ambapo lori la mafuta liliwaka zamani na kuua watu wengi. Mbele kidogo akina mama walikuwa wamepanga karoti, minji na plamu kando ya barabara. Nilinunua mfuko mzima wa karoti. Nilikuwa nimesikia kwamba karoti ni nzuri kwa wagonjwa, sijui nilisikia wapi.

Saa nane mchana niliteremka Nakuru nikitafuta kwa macho mtu wa kumuuliza njia ya kwenda Shabab, anakoishi dada. Nilifikiri nitamkuta kitandani. Kumbe alikuwa amesimama palepale stejini, amevaa suti ya mazoezi na kofia iliyofunika nywele fupi zilizokuwa zinaanza kuota tena. Alininyang'anya begi, akauliza kama Mama hajambo, akatangulia kutembea. Nilimfuata nikihema. Nikajiambia kwamba wagonjwa hupata nguvu kidogo karibu na mwisho. Nilikuwa nimesikia hilo pia.

Ijumaa, kabla jua halijapanda, jirani yake Kimani alikuja kutuchukua na gari lake la Probox kwenda mbuga ya Ziwa Nakuru. Hapa ni lazima nieleze. Mimi na Jerida tulizaliwa kota za reli, hapo hapo mjini, wakati Baba alikuwa fundi wa injini. Upepo ukigeuka tulikuwa tunanusa lile ziwa. Tuliona magari ya watalii yakipita yamefunguliwa paa, tukawapungia wazungu mikono, wakatupungia. Lakini ndani ya ule waya wa mbuga hatukuwahi kukanyaga hata siku moja. Baba alipostaafu tukarudi Vihiga, Jerida akabaki na kazi yake ya kiwanda cha maziwa, na bado hakuingia.

Ziwa lenyewe limekua. Maji yamepanda yakameza barabara za zamani na geti la zamani, na miti ya migunga imebaki imesimama majini, imekauka, myeupe kama mifupa, kila tawi lina ndege. Flamingo hawakuwa wengi kama wale wa kwenye kalenda. Walikuwa mstari mmoja tu wa rangi ya waridi, mbali, lakini Jerida aliutazama mstari huo kana kwamba umechorwa kwa ajili yake.

Tulipita nyati waliolala njiani wakatutazama kama watu wanaotudai. Tukaona twiga. Kisha Kimani akazima injini bila kusema neno. Kifaru na mtoto wake walikuwa wanakula nyasi karibu kabisa na gari, karibu kiasi kwamba tulisikia nyasi zikikatika. Wale wanyama walikula, wakatuzunguka, wakaenda zao.

"Baba alipita miaka yote hapo nje na spana mkononi," Jerida alisema baadaye, polepole. "Hakuwahi kuona hii kitu."

Saa sita tulisimama kula pale juu kwenye mwamba, mahali ambapo mtu huona ziwa lote. Nilimfungulia dada chupa ya maji. Nikamtandikia shuka. Nikamshika kiwiko alipotaka kusogea ukingoni kutazama. Nilipogeuka, nyani dume alikuwa ndani ya Probox, amekaa kiti cha mbele kama dereva, anakula karoti zangu. Kimani alimfukuza kwa kofia, nyani akaondoka na mfuko wote. Jerida alicheka hadi akakohoa, na alipokohoa mimi nikaruka kumshika mgongo. Aliniangalia kwa namna fulani.

Jumamosi tulikwenda Njoro kuona lile kasri ambalo mlowezi mmoja alilijenga zamani ili kumpendeza mwanamke, na mwanamke akakataa. Ni nyumba ya mawe yenye vyumba vingi na kinanda kikubwa cha mabomba, na siku hiyo kulikuwa na maharusi watatu bustanini wakipigwa picha, jambo ambalo Jerida aliona ni ujasiri mkubwa. Alizunguka vyumba vyote. Mimi nilikuwa natafuta kiti kila tulipoingia, nikimwomba apumzike. Swali la Zablon nilikuwa bado sijaliuliza. Nilijiambia kesho, baada ya kanisa.

Jumapili, saa saba mchana, Kimani alitupandisha Menengai, mlima wa volkano ya zamani ulio juu ya mji. Mtu akisimama ukingoni pale huona bakuli moja kubwa ambalo dunia ilijichimbia yenyewe, msitu na mawe meusi chini, na mahali hapa na pale moshi wa mvuke unatoka ardhini. Kutoka kwenye mapango ya upande ule tulisikia watu waliokuwa wamefunga wakiimba na kuomba. Kulikuwa na kiongozi wa wageni, mwanamke wa miaka thelathini hivi anayeitwa Chebet, aliyetuuliza kama tunataka kutazama tu au tunataka kuteremka.

Jerida alisema tunateremka. Mimi nikasema hapana. Nikasema kwa sauti ya darasani, nikamvuta Chebet kando nikamweleza kwamba huyu ni mgonjwa, hali yake ni mbaya, yeye mwenyewe hawezi kusema. Nilidhani nimenong'ona.

Dada alikuja akasimama mbele yangu. Akaniuliza watu wa nyumbani wameambiwa nini hasa.

Basi nikamweleza yote jinsi yalivyokuwa: kikao sebuleni kwa Zablon, maombi, Mama kukosa usingizi, na mwishowe lile swali. Nilimuuliza hapo hapo, nikiwa natazama viatu vyangu, angependa alazwe wapi. Machozi yalikuwa yananitoka.

Jerida alikaa juu ya jiwe. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka. Alicheka sana, Chebet akacheka bila kujua kwa nini, na mimi nikabaki nimesimama na leso mkononi.

"Walimalizana na mimi, Elphas," alisema alipopata pumzi. "Dawa zimeisha. Wamenipima hawakupata kitu. Nimeambiwa nirudi baada ya miezi sita waniangalie tu."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Kisha kicheko kikamwisha, na hapo ndipo aliposema jambo ambalo sijalisahau. "Mwaka mzima mmenipigia simu. Mkiniuliza kama nimekula, kama nimelala, kama nimemeza dawa. Hakuna hata mmoja aliniuliza daktari amesema nini. Mliogopa kusikia." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeeleza njia. Nilimwomba msamaha, akanipa mkono niinuke.

Tukateremka. Njia inapita kati ya vichaka vya leleshwa, halafu inakuwa changarawe na mawe ya volkano yanayoteleza. Viatu vyangu vya shule vilikuwa laini chini kama sahani. Kwenye kona ya pili nilianguka nikakaa kitako, nikateleza mbele ya akina mama wote wawili, nikasimamishwa na kichaka. Dada alinipa fimbo aliyokuwa ameiokota njiani. Chini kabisa Chebet alituonyesha mahali mvuke unapotokea kwenye ufa wa mwamba, na Jerida aliweka kiganja chake juu ya joto hilo kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Sikumshika kiwiko.

Kupanda ndiko kulikonimaliza. Nilisimama kila baada ya hatua ishirini. Dada alikuwa ananingoja mbele akizungumza na Chebet kuhusu bei ya viazi na mambo ya shule, na kila nilipofika waliendelea kutembea. Tulipofika juu Kimani aliniangalia suruali, akanifungulia mlango wa gari kwa heshima sana.

"Pole mzee," alisema. "Nilidhani ni huyu mathe ndiye mgonjwa."

Jumatatu nilirudi nyumbani. Jerida alinisindikiza stejini na kunipa maziwa ya mgando ya kumpelekea Mama na picha kumi na tano kwenye simu. Sikutaka kuwaambia kwa simu tena, na njia yote nilikuwa nafikiri nitaanzaje.

Nilifika jioni nikakuta watu wamejaa kwa Zablon. Kaka alikuwa ameshafyeka nyasi za nyuma ya nyumba ili pawe na nafasi ya hema. Nilisimama mbele yao, nikawaambia dada amepona, na kwamba nilikosea kusikia, na kwamba wote tulikosea. Zablon alinitazama suruali iliyochanika, akauliza nilifanywa nini. Mama peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana.

"Amenenepa?"

Nilimwonyesha picha: Jerida ukingoni mwa Menengai, amesimama kwa mguu mmoja juu ya jiwe, mikono ameitandaza. Mama aliishika ile simu mpaka mwanga ukazimika. Kisha akaenda kulala, na asubuhi tulilazimika kumwamsha.

Nimekaa na safari hiyo sasa miezi kadhaa. Jambo moja nililojifunza ni kwamba niliishi siku tatu na dada yangu nikimwangalia, bila kumwona. Nilikuwa nimebeba habari yake tayari kutoka nyumbani, kwa hivyo sikuona haja ya kuisoma usoni pake. La pili ni dogo zaidi. Wiki iliyopita Jerida alinipigia akaniuliza kama nimewahi kusimama kwenye lile jiwe la Ilesi, karibu na Kakamega, ambalo maji hutiririka usoni pake kama mtu anayelia. Nimepita hapo tangu nikiwa kijana, nikienda mikutano ya walimu, nikienda hospitali, nikienda harusi. Sijawahi kusimama.

Jumamosi nilikwenda peke yangu. Niliteremka kwenye gari, nikapanda kilima kupitia shamba la watu baada ya kuomba ruhusa, nikasimama chini ya lile jiwe. Lilikuwa linalia kweli. Mzee mwenye shamba aliniuliza ninatoka wapi, nikamwambia hapa hapa tu, Vihiga. Akanikaribisha kama mgeni wa mbali, na sikumkatalia.